Sanduku la Thelathini na Sita

Kuchora herufi nilifundishwa na simu ya tochi,
na yule nyoka aliyekula vitone akarefuka
mpaka akajing'ata mkia, mchezo ukaisha.
Hapo nikajua: kisichopinda hupandishwa ngazi,
kisanduku, kisanduku,
na jicho likikaa mbali litasema lenyewe, duara hilo.

Kwa hiyo chama cha msingi kilipotaka ubao wa taa
hapa Newala, nje ya ghala, msimu wa mnada,
sikuazima mwandiko wa watu.
Nilinunua daftari la miraba dukani kwa Likwena
nikaipa kila herufi visanduku thelathini na vitano:
vitano kwenda, saba kushuka.

O niliinyima pembe zake nne, ikawa yai.
K ikasimama kama mtu anayepiga mlango teke.
S ilinigombeza siku mbili.
Q na X niliziacha nje. Gunia gani la korosho litazililia?

Shangazi Ajiba, vidole vikiwa bado na ukili,
alichungulia daftari akacheka mpaka akakohoa:
"Kumbe unasuka mkeka!
Wa juu, wa chini, unahesabu tu.
Hata sisi mduara hatunao, tunaudanganyia."

Ubao ukawaka, mwekundu, mistari miwili.
BEI YA LEO. DARAJA LA KWANZA.
MAGUNIA YAMEKWISHA.
FUNGUO ZIMEOKOTWA, ULIZA KWA KARANI.
Watu wenye vumbi la salfa kwenye kope
walisoma kutoka ng'ambo ya barabara, bila miwani,
na mimi nikatembea kifua mbele wiki nzima.

Matangazo yalipita yakiandamana kama siafu.
Majina hayakupita.
Jina la mtu lilisimama
mpaka mwenyewe afike dirishani achukue chake.

Somoe Nang'unda alikaa kwenye benchi tangu saa mbili,
jina likimwakia usoni.
Saa sita karani akatoka: "Mama, si wewe huyo?"
Akautazama ubao
kama mtu anayeoneshwa picha aliyopigwa amefumba macho.
"Huyo ni Nangunda. Simjui.
Kama ana korosho zake, mpeni hela zake."

Benchi zima likaangua kicheko. Mimi sikucheka.
Nilijua tangu Ijumaa.
Herufi nane, na uchochoro mmoja kati ya kila mbili:
safu arobaini na saba.
Ubao wangu una arobaini na nane.
Kale kaukucha ka juu, kanakoirudisha sauti puani,
kanataka safu yake, na uchochoro wake,
na jumla inakuwa arobaini na tisa,
mguu mmoja wa A uko nje, hewani.
Nikasema moyoni, nani ataona kitone?

Nikapanda ngazi na kompyuta kwapani.
Nikaisogeza U ipishe.
Nikairudia N ya kwanza, nikaikata tumbo safu moja,
ikakonda, ikanyamaza.
(Mpaka leo hakuna aliyeniuliza habari za N hiyo.)
Kisha pale juu, begani kwa G,
ambapo daftari langu halikuwa na kitu,
nikawasha sanduku la thelathini na sita.

NANG'UNDA.
Ukuta kwa ukuta, bila nafasi ya kupenyeza sindano.

Akainuka. Akakung'uta kanga.
Dirishani akaomba kalamu ya wino, si dole gumba,
akaandika polepole, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo,
na alipofika katikati ya jina
akainua mkono, akagonga karatasi mara moja,
tk,
wala hakunitazama.